Abiria wa Dar es Salaam Wataka Nini?

Mwezi wa Juni mwaka 2024 nilikwenda Dar es Salaam kwa shughuli za jamaa. Kabla sijaondoka, baba aliniita chini ya mwembe akanipa vitu vitatu nimpelekee mdogo wangu: mkungu wa ndizi, debe la maharage, na maneno. Ndizi na maharage alinikabidhi kwa upole. Maneno aliyatoa kwa ukali.

"Mwambie hivi," alisema. "Sisi wazazi wake hatujafa bado. Mwezi mzima mtu anakosa dakika mbili za kupiga simu? Na ile habari ya ng'ombe, mwambie nitaifikiri siku atakapokumbuka kwamba ana baba."

Habari ya ng'ombe ilikuwa hii. Mdogo wangu amepanga vyumba viwili nje ya Gongo la Mboto, upande wa kwenda Pugu, na kazi yake ni ya ghalani, Kariakoo, katikati ya mji. Alikuwa amemwomba baba auze ng'ombe wawili kusudi amsaidie kununua kiwanja, mbali zaidi ya hapo anapokaa, kwa kuwa huko viwanja ni rahisi. Baba hakukataa wala hakukubali. Alinyamaza, naye mdogo wangu akanyamaza, hata ikawa kama watu waliogombana.

Wasomaji wapendwa, nadhani wengi wenu mmewahi kusema maneno kama ya baba. Twamsomesha mtoto, twauza mbuzi apate nauli, na akiisha kufika mjini twaona ametusahau. Mimi nami niliyaamini maneno hayo, nikaenda nayo mfukoni kama barua ya kupeleka. Sasa nataka kuwaelezeni niliyoyaona na kuyasikia, maana kuna jambo moja la mji ambalo sisi wa vijijini hatulitii katika hesabu zetu, nalo ni njia ya kwenda kazini.

BABA WA JUMAPILI

Nilifika nyumbani kwa mdogo wangu saa 11 jioni. Shemeji alinipokea vizuri, akaniwekea maji ya kuoga. Mtoto wao wa kiume, mwenye miaka minne, alikuwa akicheza mlangoni. Nikamwuliza, "Baba yako yuko wapi?" Akanijibu bila kufikiri, "Baba wa Jumapili yuko kazini."

Mimi nilicheka. Shemeji hakucheka. Akanieleza kwamba mtoto huyo siku za kazi hamwoni baba yake kabisa. Baba anaondoka mtoto amelala, na anarudi mtoto amelala. Jumapili ndiyo siku wanayokutana, basi mtoto amempa baba yake jina la siku hiyo.

Saa 3 ya usiku mdogo wangu aliingia. Alinisalimu kwa furaha, akakaa kula, na kabla hajamaliza sahani alikuwa amefumba macho. Nikayashika maneno ya baba mkononi, kama mtu aliyeshika fimbo, nikaona hapa si pa kuchapa. Nikamwambia, "Tutazungumza kesho."

Akafumbua macho. "Kesho saa ngapi, kaka? Mimi natoka saa 10 na nusu alfajiri."

"Basi tutakwenda pamoja," nikasema.

KULIPA KURUDI NYUMA ILI UENDE MBELE

Saa 10 na nusu tulikuwa barabarani, gizani, na hatukuwa wa kwanza. Kituoni walisimama watu wengi: wanaume wenye mifuko ya zana, wanawake wenye ndoo, watoto wa shule waliovaa sare na sweta. Hakuna aliyejua gari litakuja saa ngapi. Nilimwuliza mdogo wangu kwa nini hatusimami upande wa kwenda mjini. Akanivuta mkono tukavuka, tukapanda daladala lililokuwa likitoka mjini kwenda mwisho wa njia.

Kumbe ndiyo desturi yao, nao huiita "kugeuza". Mtu anapanda gari linalokwenda nyuma, analipa nauli, anakaa kitini, na gari likigeuza mwisho wa njia analipa tena na kwenda nalo mjini. Yaani analipa kurudi nyuma ili apate kwenda mbele. Asiye na nauli hiyo ya pili hana budi kusubiri gari lililojaa, na kusafiri akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya bomba, mguu mmoja juu ya mguu wa mwenzake. Mdogo wangu hugeuza siku za mwanzo wa mwezi tu. Siku ile aligeuza kwa heshima ya mgeni.

Tulipofika mwisho wa njia, watu hawakungoja mlango. Vijana waliingia kwa madirisha. Mama mmoja mjamzito alisogea pembeni asisukumwe, na alipofika mlangoni viti vyote vilikuwa vimekwisha. Mdogo wangu akasimama akampa kiti chake, kile alichokilipia mara mbili. Nami nikaona haya, nikasimama nikampa wangu mzee mmoja.

Njiani tulifika kituo chenye watoto wa shule kama kumi hivi. Konda akatoa kichwa akapaza sauti, "Wanafunzi wawili tu!" Wawili wakapanda, wengine wakabaki. Nilimwona mvulana mdogo, labda wa miaka kumi, amekimbia kando ya gari hatua chache, kisha akasimama na mkoba wake gizani. Niliona uchungu, maana nilisomea ualimu, najua mtoto anayefika darasani amechelewa na amechoka anajifunza nini.

Tulifika Kariakoo saa 12 na nusu. Saa nzima ilikwenda katika kungoja na kugeuza, na saa nzima katika mwendo. Jioni ni vibaya zaidi, kwani barabara zote zimejaa, na safari ile ile humchukua saa 3.

KWA NINI KONDA AWE MKALI?

Ni rahisi kusema kwamba makonda na madereva ni watu wabaya. Lakini yafaa tujue kazi yao ilivyopangwa. Katika magari mengi ya namna hii dereva na konda hawapewi mshahara wa mwezi. Asubuhi wanachukua gari la mwenyewe, na jioni lazima wampelekee fedha iliyokatwa, nayo yaitwa "hesabu". Wananunua mafuta, wanatoa hesabu, na kinachobaki ndicho riziki yao. Siku isiyo na abiria hawana kitu, lakini hesabu haipungui.

Basi tazameni wenyewe. Gari likisubiri kituoni lijae, ni kwa ajili ya hesabu. Likienda mbio kulipita la mbele yake, ni kwa ajili ya hesabu. Likikatisha ruti na kuwashusha watu katikati ya njia, ni kwa ajili ya hesabu. Mwanafunzi nauli yake iliyopangwa na serikali ilikuwa shilingi 200, na mtu mzima, kwa nauli zilizotangazwa Desemba 2023, alilipa shilingi 600 hata kwa safari fupi. Nafasi moja ya mtu mzima ina thamani ya wanafunzi watatu. Yule mvulana aliyebaki gizani aliachwa na hesabu kwanza, kisha na konda.

Magari haya nayo yana asili yake. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, lilianzishwa mwaka 1974, nalo lilikuwa na kazi ya kuubeba mji mzima. Lakini mabasi yalichakaa, vipuri vikakosekana, fedha za kigeni za kuvinunua zikawa haba, na watu wakazidi kuongezeka. Wenye magari binafsi wakaanza kubeba abiria kwa kujificha, hata mwaka 1983 serikali ikawapa ruhusa. Nauli yao ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 watu waliiita "dala". Ndipo likapatikana jina la daladala. Kwa hiyo daladala halikuja kuharibu usafiri, lilikuja kuziba pengo. Kwa miaka zaidi ya 40 limewafikisha kazini watu ambao wasingefika kwa njia nyingine, na hilo ni haki yake tuliseme.

Lakini mji umekua kupita kiasi cha magari hayo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Wameongezeka zaidi ya milioni moja katika miaka kumi, na wengi wao hukaa pembeni, kwenye viwanja rahisi, huku kazi, masoko na maofisi mengi yakibaki katikati. Kila asubuhi mji wote humiminika upande mmoja, na kila jioni hurudi upande wa pili.

MANENO YA NDANI YA GARI

Kwa muda wa wiki mbili nilisafiri na mdogo wangu mara nyingi, nikasikiliza. Ndani ya gari watu huzungumza sana habari ya usafiri, maana ndiyo taabu wanayoshirikiana wote. Hawana shauri moja, wala wasidhani wenye mamlaka kwamba abiria wote wataka kitu kimoja.

Mama mmoja anayekwenda kununua samaki Feri kila alfajiri alisema, "Mabasi makubwa ni mazuri, lakini na ndoo yangu je? Daladala linanisukuma, linanitukana, lakini ndoo yangu linaibeba." Huyu ataka mtu akipanga basi, ampange yeye pamoja na ndoo yake.

Fundi wa kujenga, mtu mzima mwenye mvi, alisema, "Mimi sitaki mwendo wa haraka. Nataka nauli nafuu. Ikipanda tena, nitatembea kwa miguu." Nami niliona si mzaha, kwani alfajiri kando ya barabara watembeao kwa miguu ni wengi mno, na si wote wenye safari fupi.

Msichana mmoja aliyefanya kazi ya duka akasema kinyume chake. "Mimi niko tayari kuongeza nauli, mradi nijue gari linakuja saa ngapi, na nisafiri bila kushikwashikwa." Wanawake wengine wakaitikia. Nilijifunza kwamba msongamano si taabu ya miguu tu. Katika umati huo kuna wanaume wasio na adabu, na wanawake wengi huvumilia aibu ambayo hawawaelezi hata waume zao.

Mzee mmoja akasema, "Mimi nimeahidiwa mengi. Treni ya mjini ilianza mwaka 2012, tukaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa siku zile. Daraja la juu la TAZARA likafunguliwa 2018, la Ubungo 2021. Yote mema. Lakini mimi bado natoka nyumbani usiku na kurudi usiku." Watu wakacheka, kicheko cha watu wanaokubali.

Dereva naye alisikia, akajibu bila kugeuka, "Mzee, na mimi natoka saa 9. Wewe angalau unalala kitini."

HABARI YA MWENDOKASI

Kila mazungumzo yalipofika mbele kidogo yaliangukia kwenye mwendokasi. Kwa faida ya wasiofika Dar es Salaam, nitaeleza. Haya ni mabasi marefu yanayopita katika njia yao wenyewe, katikati ya barabara, ambamo magari mengine hayaruhusiwi kuingia. Abiria hulipa kabla ya kupanda. Sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi, kusudi mzee, mjamzito au mtu wa kiti cha magurudumu aingie bila kupanda ngazi. Njia za namna hii zilianza Curitiba, Brazil, mwaka 1974, zikapata sifa kubwa Bogotá, Kolombia, kuanzia mwaka 2000.

Dar es Salaam, wakala wa kusimamia mabasi hayo uliundwa mwaka 2007, ujenzi wa njia ya kwanza ukaanza 2012, na mabasi yakaanza kubeba watu Mei 2016. Njia hiyo yenye urefu wa kilometa 21 hivi hutoka Kimara hadi Kivukoni, na ina matawi ya kwenda Gerezani, Kariakoo, na Morocco. Nauli ilianza kwa shilingi 650. Safari ya kutoka Kimara kuja mjini, ambayo asubuhi ilikula saa 2 au zaidi, ikawa ya dakika 45 hivi.

Waliokuwapo siku zile wanasimulia furaha yao kama watu wanaosimulia arusi. Watu waliosuka ratiba za maisha yao upya: mama akarudi kupika mapema, kijana akajiandikisha masomo ya jioni. Hata wenye magari yao wengine waliyaacha nyumbani. Hili ni jambo la kuangalia sana, maana husemwa kwamba Mwafrika akipata gari haliachi, na kwamba watu wa daladala hawapendi foleni wala utaratibu. Mwaka 2016 ulionyesha kwamba si kweli. Watu hubadili desturi upesi sana wakiona kitu kinachotimiza ahadi.

Mimi mwenyewe nilipanda mwendokasi Jumapili moja, pamoja na mdogo wangu na mwanawe, kutoka Gerezani mpaka Kimara. Siku ile watu walikuwa wachache. Mtoto alikaa dirishani juu ya mapaja ya baba yake, na kila tulipoyapita magari yaliyokwama alipiga makofi, akidhani kwamba dereva anashindana nayo na kuyashinda yote. Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa akicheka kama tulipokuwa wadogo. Nikaelewa kwa nini watu waliipenda njia hii.

PENZI LIKAGEUKA HASIRA

Lakini penzi hilo halikutunzwa. Njia ya kwanza ilianza na mabasi 140, na mpango wake ulihitaji zaidi ya 300. Watu wakaongezeka, mabasi yakazeeka na kuharibika, yakapungua badala ya kuzidi. Tena, karakana na maegesho yao yalijengwa katika bonde la Jangwani, kando ya Mto Msimbazi, mahali ambapo kila mwenyeji wa mji anajua hujaa maji. Mvua kubwa za Aprili 2018 ziliingia humo, mabasi kadhaa yakaharibika. Miaka mingi mvua zilipozidi barabara ya Jangwani ilifungwa, na njia nzima ikakatika katikati kama kamba.

Hapo ndipo saa za kungoja zilirudi, na msongamano ukarudi, safari hii ndani ya vituo vizuri vya vioo. Mtu aliyezoea taabu huvumilia taabu. Mtu aliyekwisha kuonjeshwa raha, kisha akanyang'anywa, hasira yake ni nyingine. Mambo haya yalitokea hata Bogotá yenyewe: Machi 2012 abiria waliochoka na msongamano na nauli walizuia njia za mabasi, na vituo kadhaa vikavunjwa. Dar es Salaam, mwanzoni mwa Oktoba 2025, abiria waliochoshwa na kungoja walirusha mawe, na wakuu wa huduma hiyo wakabadilishwa. Mwishoni mwa mwezi huo huo, katika machafuko ya siku za uchaguzi, vituo vingi vya njia hiyo viliharibiwa kwa moto na mawe.

Hapana budi tuseme kweli pande zote mbili. Anayevunja kituo anaivunja njia ya mama mjamzito na ya mtoto wa shule, si ya mkubwa aliyemkasirisha, kwa maana mkubwa huyo hapandi pale. Lakini na anayewaahidi watu basi la kila baada ya dakika chache, kisha akawaacha wasimame saa nzima bila hata neno la kuwaeleza, naye anavunja kitu, tena kitu kigumu kukijenga kuliko kituo. Anavunja imani ya watu. Zege hupatikana kwa mkopo. Imani haikopwi.

Njia nyingine zimeendelea kujengwa. Ya Mbagala, kwa Barabara ya Kilwa, ilianza kupitisha mabasi mwaka 2025. Ile ya Gongo la Mboto ndiyo niliyoiona ikijengwa 2024, na mdogo wangu alinionyesha kila asubuhi jinsi ilivyofika, kama mkulima aonyeshavyo shamba.

WANALOTAKA NI KUJUA SAA

Nilipoyakusanya maneno ya wote, ya mama wa samaki na fundi na msichana wa duka na mzee, niliona yanakutana mahali pamoja. Abiria hawaombi makubwa. Zaidi ya mbio, waomba kujua: kwamba gari litakuja, kwamba litakuja saa fulani, kwamba nauli ni hii, kwamba halitawashusha katikati ya njia. Mtu akijua gari linakuja saa 11 na nusu, hatoki saa 10 na nusu. Ile saa moja anayotoka mapema kwa hofu ndiyo saa anayoibiwa, nayo ndiyo ambayo angemwamsha mwanawe akamsalimu.

Sisi vijijini twalijua jambo hili. Lori la siku ya gulio likiwa na saa yake, mama anachuma nyanya zake kwa wakati, zinafika mbichi. Lisipokuwa na saa, anazichuma jana, zinafika zimeoza, naye anaulizwa kwa nini hajui kuuza.

Na abiria nao wanayo sehemu yao. Nilimwuliza msichana yule wa duka nani alaumiwe kwa watu kupita madirishani. Akajibu, "Sisi wenyewe. Tukipanga mstari siku moja tu, mjamzito atapata kiti." Mstari haugharimu shilingi. Lakini alisema na jambo jingine la akili: "Mtu hupanga mstari akiamini kwamba chakula kitamfikia." Pakiwa na gari la pili linalokuja hakika, wengi watasubiri kwa adabu. Pasipokuwa nalo, hata mtu mwema atapita dirishani.

HESABU YA KIWANJA

Siku ya mwisho tulikaa mimi na mdogo wangu, nikatoa kalamu na karatasi. Kazi yangu nyumbani ni ya ukarani, nimezoea kuandika yanayoingia na yanayotoka. Nauli yake kwa siku, kwenda na kurudi, bila kugeuza, ilikuwa shilingi 2,800. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 72,800. Mshahara wake ulikuwa 250,000. Basi zaidi ya robo ya jasho lake ilikuwa ya barabara.

Kisha tukahesabu muda. Saa 2 asubuhi na saa 3 jioni ni saa 5 kwa siku. Kwa siku 26 ni saa 130. Nikazigawa kwa 24, tukapata siku 5 na saa 10, mchana na usiku wake. Kila mwezi mdogo wangu alikuwa akikaa njiani zaidi ya siku tano nzima bila kushuka garini.

Aliitazama karatasi muda mrefu. Akasema, "Kaka, na huko kwenye kiwanja ni mbali zaidi."

Hapo ndipo nilipompa maneno ya baba, yote, bila kupunguza. Alisikiliza, akainamisha kichwa. "Ni kweli sikupiga simu," akasema. "Ninapofika nyumbani baba amekwisha lala. Ninapopata nafasi mchana, yeye yuko shambani na simu iko nyumbani. Lakini Jumapili ningeweza. Jumapili nalala. Hapo ni kosa langu."

Wazazi wenzangu na jamaa zangu, sisemi kwamba kila mtoto aliye kimya mjini amezuiwa na foleni. Wapo wanaosahau kweli. Nasema hivi: kabla ya kumhukumu, mwulize anatoka saa ngapi na kurudi saa ngapi. Na mnapomsaidia kununua kiwanja, msiulize bei tu. Ulizeni ni magari mangapi mpaka kazini, nauli ni kiasi gani, shule ya watoto iko wapi, na njia hiyo hupitika siku za mvua. Kiwanja rahisi chaweza kuwa ghali sana kikilipiwa kwa nauli kila siku ya maisha. Na mtu aliyekwisha kukaa mbali, tayari amenunua, msimcheke. Wengi hawakuwa na fedha ya kuchagua.

NILIVYORUDISHA HABARI

Nilirudi nyumbani na ile karatasi. Baba alinisubiri chini ya mwembe ule ule. Hakuniuliza habari za mji. Aliuliza tu, "Ulimwambia?"

"Nilimwambia yote, baba."

"Akasemaje?"

Nikampa karatasi. Baba hasomi maneno mengi, lakini hesabu anazijua. Akaiweka gotini, akaifuata kwa kidole mstari kwa mstari, mpaka palipoandikwa siku 5 na saa 10. Akaniuliza, "Hizi ni za mwaka?" Nikamjibu, "Ni za mwezi, baba." Akaikunja karatasi akaitia mfukoni mwa koti.

Kisha nikamweleza habari ya mjukuu wake na jina la baba wa Jumapili. Hakucheka yeye naye.

Jumapili iliyofuata, mchana, baba aliniambia nimtafutie namba ya mdogo wangu kwenye simu. Tangu mdogo wangu aende mjini, baba hajampigia hata mara moja, maana kwa desturi yetu mtoto ndiye amtafutaye mzazi. Siku ile alipiga yeye. Walisalimiana kwa muda mrefu, wakaulizana habari za mvua na za mtoto. Mwishoni baba akasema:

"Sasa, mwanangu, hiyo habari ya ng'ombe. Huko unakotaka kununua, gari la kwanza linaondoka saa ngapi?"

Mdogo wangu hakujua. Akaahidi kwenda kuuliza.

"Basi uliza," baba akasema, "na la mwisho pia. Ng'ombe wapo. Hawaendi mahali."